Achana na pointi sita: namna ya kuandika asaimenti ya chuo ikapangika

Asaimenti yangu ya kwanza chuo nilipata 9 kati ya 20. Nilikuwa nimejaza kurasa nane, nimesoma vitabu vitatu, nimelala saa nane usiku siku mbili mfululizo, na kila nilichoandika kilikuwa kweli. Nikamfuata mwalimu ofisini machozi yananilengalenga, nikamwambia shikamoo Dokta, mbona hoja zote sita nimezitoa na nimezieleza? Akaitikia marahaba, akaifunua ile karatasi taratibu, akasema, "Hoja nimeziona binti yangu. Sasa wewe unasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nilijua sababu sita za jambo kutokea, ila ipi ilitangulia, ipi ilikuwa nzito, ipi isingekuwepo bila mwenzake, hilo sikuwa nimeliwaza hata dakika moja.

Toka hapo nimekaa na wadogo zangu wengi wa mwaka wa kwanza tukipitia kazi zao kabla hawajakusanya, na karibia wote wanakuja na shida ile ile, na sio kosa lao. Kidato cha tano na sita tumelelewa kwamba insha ya historia ni utangulizi, hoja sita, hitimisho. Swali lenyewe linakwambia toa hoja sita, msahihishaji ana mwongozo wake, kila hoja ina maksi zake, ukizitaja zote na mfano juu umemaliza. Mfumo ule umetufikisha tulipo na una kazi yake, lakini ukishavuka geti la chuo anayesahihisha hahesabu tena, anafuata mawazo yako kama mtu anayefuata njia ya shambani, na akifika mahali njia imekatika anasimama hapo hapo na maksi zinasimama naye. Kwahiyo nachotaka kukuonyesha humu ni hiki tu, jinsi ya kutoka kwenye orodha kwenda kwenye dai moja ambalo kila aya inalibeba. Ntatumia swali moja mwanzo mpaka mwisho ili uone kazi inavyokwenda.

Swali lisome kwa kalamu, usilisome kwa macho

Swali letu ni hili: Tathmini sababu za kuanguka kwa uzalishaji wa korosho Tanzania kati ya mwaka 1974 na 1987.

Nimelichagua kwasababu ni la kwetu na lina takwimu zinazoshtua. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zikabaki kama tani 16,500. Yaani katika kila kilo mia zilizokuwa zinavunwa zimebaki kilo kumi na moja na kitu, ndani ya miaka kumi na tatu tu, kwenye zao ambalo Mtwara na Lindi ndio ada za shule, ndio mabati, ndio harusi. Lazima kuna kitu kilitokea na mtu anayejali atataka kujua ni nini.

Chukua kalamu uzungushie vitu vitatu. Cha kwanza kitenzi. Hapa kitenzi ni "tathmini", na kutathmini ni kupima uzito, hujaambiwa "taja", hujaambiwa "eleza". Ukiulizwa eleza unaonyesha jambo lilivyotokea, ukiulizwa jadili unaweka pande zaidi ya moja alafu unasema umeegemea wapi, ukiulizwa linganisha lazima vitu viwili vikae kwenye aya moja vinatazamana, sio kurasa tatu za hiki alafu kurasa tatu za kile. Na swali likija kwa Kiingereza ni hivyo hivyo, kitenzi ndio bosi wa swali. Nimeona watu wenye akili kabisa wanapoteza nusu ya maksi kwasababu wameeleza vizuri sana kitu walichoambiwa wapime.

Cha pili mada, ambayo ni uzalishaji. Sio biashara, sio ubanguaji. Cha tatu mipaka, Tanzania, 1974 mpaka 1987.

Hiyo mipaka ndio inakuokoa na kujaza maji. Kuna mdogo wangu mmoja aliandika aya ndefu nzuri kuhusu Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Akaongeza na stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa risiti na kusubiri ziuzwe. Vyote vya kweli na vyote anavikumbuka kwasababu kwao ni Newala na aliviona kwa macho. Lakini swali limeisha 1987. Nikamwambia mdogo wangu hii aya itunze, siku moja itakuwa asaimenti yake yenyewe, hapa itoe. Iliniuma kumwambia maana ndio aya iliyokuwa na moyo kuliko zote. Vivyo hivyo viwanda vya kubangua vilivyojengwa enzi hizo na vingi vikakaa bila kazi, ni habari kubwa, lakini hivyo ni vya kubangua na sisi tumeulizwa kuzalisha.

Kusoma, na notisi zenye faida

Usianze kwa kusoma kila kitu chenye neno korosho. Anza na kitu kimoja kifupi kinachokupa picha nzima, makala ya kijarida au sura ya kitabu, alafu angalia yeye amemnukuu nani, umfuate huyo. Hiyo ndio njia rahisi kuliko zote na wengi hawaitumii, wanabaki kugugo maneno yale yale kila siku na kupata PDF zile zile. Kwa majarida ya Afrika kuna AJOL (African Journals Online), tovuti ambayo humo makala nyingi unapakua bure. Vyuo vyetu vingi vina hazina ya onlaini ya tasnifu za wanafunzi, na hizo tasnifu zina utafiti wa vijijini ambao hutaukuta kwenye kitabu cha London. Kama uko Dar, maktaba ya Chuo Kikuu ina sehemu ya East Africana yenye nyaraka za zamani, na kuna Nyaraka za Taifa. Kwa swali letu ungetaka pia kuona maandiko yenyewe ya wakati ule: Azimio la Arusha la Februari 1967, andiko la Mwalimu Nyerere la ujamaa vijijini la Septemba mwaka huo huo, na sheria ya vijiji ya 1975. Mkutubi usimwogope, mwambie swali lako lilivyo, ndio kazi yake na wengi wanafurahi kuulizwa.

Kwenye notisi mi nagawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Kushoto nachoandika ni alichosema mwandishi, kwa maneno yangu, na namba ya ukurasa pembeni HAPO HAPO, sio baadae. Kulia naandika mimi, nakubali, sikubali, huyu anapingana na yule, hii mbona haiendani na ile takwimu. Upande wa kulia ukiwa mweupe kurasa tatu mfululizo ujue unanakili, bado hujaanza kusoma. Kulia ndiko dai lako litakapozaliwa, kwahiyo hata kama umeandika kitu cha kijinga kiache.

Kuhusu namba ya ukurasa nasisitiza maana nimelia nayo. Usiku wa kukusanya unakumbuka kabisa sentensi uliyoisoma, unakumbuka ilikuwa upande wa chini wa ukurasa wa kushoto, lakini kitabu kilisharudi maktaba na ukurasa huujui. Unalazimika kuitoa hiyo pointi, na mara nyingi ndio ilikuwa nzuri.

Dai

Hapa ndipo pagumu na ndipo ntakapokaa sana.

Baada ya kusoma swali letu utakuwa na sababu kadhaa mezani. Kuna operesheni vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji, ambayo kuanzia Novemba 1973 ikawa amri ya nchi nzima. Kuna bei aliyolipwa mkulima, ilikuwa ndogo. Kuna vyama vya ushirika kuvunjwa 1976. Kuna ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaopiga maua na majani machanga ya mkorosho, ambao ulianza kuripotiwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuna mikorosho kuzeeka. Mtu wa kidato cha sita anaona hapo pointi tano, anatafuta ya sita, anaanza kuandika.

Wewe simama kwanza. Jiulize hizi sababu zinahusianaje. Ipi ilikuja kwanza? Ukiitoa hii moja, zile zingine bado zingetosha?

Ukitazama tarehe tu tayari kuna kitu kinaanza kuonekana. Kilele ni 1973/74. Watu wanahamishwa miaka hiyo hiyo. Mavuno yanaanza kushuka. Ugonjwa unakuja kutajwa miaka kadhaa baadae. Basi ugonjwa hauwezi kuwa ndio ulioanzisha, ingawa unaweza kuwa ndio ulioua kabisa. Unaona? Hujasoma kitabu kipya, umepanga tu tarehe kwenye mstari, na tayari una la kusema.

Sasa liandike. Jaribio la kwanza la watu wengi linakuwa hivi: "Kuna sababu mbalimbali zilizosababisha kuanguka kwa uzalishaji wa korosho." Hilo sio dai, hakuna mtu duniani atakayelipinga. La pili linakuwa: "Sera mbaya ziliua korosho." Afadhali kidogo, lakini sera ipi na iliua kwa njia gani? La tatu, ambalo ndio tutaenda nalo, ni hili:

"Kuhamishwa kwa wakulima ndiko kulikoanzisha anguko la korosho, kwasababu kuliwatenganisha na mikorosho yao; bei ndogo na ubwiri unga vililirefusha anguko ambalo tayari lilikuwa limeanza."

Nalipenda dai hili kwasababu linabishaniwa. Mtafiti wa magonjwa ya mimea anaweza kusimama akasema hapana, bila ubwiri unga shamba lingerudi. Mtu wa uchumi atasema mpe mkulima bei nzuri uone kama hatatembea kilomita kumi kwenda kwenye mikorosho yake. Kama unaweza kumuona kichwani mtu mwenye akili timamu anayekupinga basi una dai. Na linapimika, maana nimesema njia, kutenganishwa na miti, kwahiyo nitalazimika kuonyesha hiyo njia. Jambo la tatu ndio tamu kuliko yote: dai hili limeshanipangia kazi. Kuna kilichoanzisha na kuna kilichorefusha. Hayo ndio mafungu yangu mawili makubwa, sijayatafuta kokote, yametoka humo humo kwenye sentensi.

Ndio maana nikiona kazi haijapangika huwa sianzi kuhamisha aya, naenda kuangalia dai. Tisa kati ya kumi dai ndio halipo.

Ramani, na uiandike kwa Kiswahili

Kata vikaratasi, au tumia nyuma ya hendauti za semista iliyopita, kila kikaratasi sentensi moja kamili. Sio "bei". Andika "Bei ndogo ilimnyima mkulima sababu ya kurudi kwenye shamba la mbali." Kichwa cha neno moja kinakudanganya kwamba una kitu, sentensi kamili inakulazimisha ujue unasema nini. Vitandaze kitandani, vihamishe mpaka uweze kuvisoma kuanzia juu mpaka chini kama unamsimulia mtu. Cha kwetu kingekuwa takriban hivi: hali ilivyokuwa kabla, mkulima anaishi katikati ya mikorosho yake, uhamisho unamtoa, korosho inavyovunwa na kwanini umbali unaiua, mavuno yanashuka, bei na kuvunjwa ushirika vinamkatisha tamaa hata yule aliyekuwa bado anatembea, kwenye mashamba yaliyoachwa bila matunzo ugonjwa unakuta nyumba, wanaosema ni ugonjwa pekee na jibu langu kwao. Kikaratasi kisichoingia popote kiweke pembeni bila huruma, hata kama ulihangaika nacho wiki nzima. Kuhusu mikorosho kuzeeka mi ningekiingiza mstari mmoja tu ndani ya fungu la pili, hakihitaji aya yake.

Ndio, aya zangu haziko sawa kwa urefu na hazitakiwi kuwa sawa. Jambo zito lipewe kurasa mbili, jepesi lipewe mistari mitatu.

Na hili la lugha nalisema kwa moyo wote. Wengi wetu tunaandika asaimenti kwa Kiingereza, isipokuwa wa idara ya Kiswahili na baadhi ya kozi. Mtu anafikiri kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza, na katikati hapo mawazo yanamwagika, anaishia kuandika kile anachojua kukisema kwa Kiingereza badala ya kile anachokijua. Ramani yako iandike kwa Kiswahili. Dai liandike kwa Kiswahili. Bishana na rumeti wako kwa Kiswahili mpaka likae. Ukishajua unachosema, Kiingereza kinakuwa kazi ya kutafuta maneno tu, na maneno yanatafutika. Mimi maksi zangu zilipanda mwaka wa pili kwasababu hii kuliko sababu nyingine yoyote, na Kiingereza changu kilikuwa kile kile.

Aya moja tuijenge

Hii hapa ya kutoka fungu la kwanza:

"Kuhamia vijijini kuliwaweka wakulima mbali na mikorosho waliyoipanda. Korosho haichumwi mtini. Huiva, hudondoka na kuokotwa chini, kwa hiyo kwenye shamba lisilopaliliwa mavuno hupotelea majanini. Mkulima aliyeishi katikati ya mikorosho yake aliweza kupalilia asubuhi na kuokota jioni. Alipohamishiwa kijiji kilichopangwa mbali na shamba, kazi hiyo ikawa safari. Palizi ikipungua, majani hukua, na moto wa kiangazi ukipita kwenye majani hayo huunguza na miti yenyewe. Ndiyo maana mavuno yalianza kushuka katika misimu iliyofuata uhamisho, kabla ya ubwiri unga kuanza kuripotiwa."

Sentensi ya kwanza inasema aya nzima inahusu nini, na ukiitazama vizuri ni kipande cha dai kuu kilichomegwa. Ya pili inaleta kitu ambacho msomaji wa Bukoba au Moshi huenda hakijui, kwamba korosho inaokotwa, na bila kujua hilo hoja nzima ya umbali haishiki. Katikati kuna utaratibu, hatua kwa hatua, shamba linakufaje. Watu wengi wanaruka hapa, wanaandika "uhamisho ulisababisha kushuka kwa uzalishaji" na wanaweka nukta, wanamwachia msomaji kazi ya kujaza katikati. Usimwachie. Sentensi ya mwisho inarudi kwenye dai na kutupa kamba kwa aya inayofuata, maana imeshamtaja ubwiri unga.

Kwenye kazi ya kweli referensi zingekaa baada ya sentensi ya kuokota, baada ya ile ya vijiji kupangwa mbali na mashamba, na kwenye takwimu za misimu. Ukweli usio wako unaonyesha umeutoa wapi, wazo lako mwenyewe halihitaji referensi, na usiogope kuliacha lisimame bila mabano. Kuna wanaofikiri aya isiyo na mabano matano ni aya ya uongo. Aya yenye mabano matano na hakuna hata sentensi moja yako ni notisi tu.

Alafu maneno ya kuunganisha. "Pia", "vilevile", "aidha", "licha ya hayo", hayo yanasema tu "naongeza kingine", ni maneno ya orodha. Ukiona aya zako zote zinaanza hivyo rudi kwenye ramani. Aya inayotokana na ya kabla yake itaanza na kitu kama "Umbali peke yake usingetosha kama bei ingekuwa nzuri." Hapo msomaji anajua tumetoka wapi na tunaenda wapi, hakuna "pia" hata moja.

Anayekupinga mpe kiti

Mwaka wa kwanza nilikuwa naficha kila kitu kinachopingana na mimi, nikidhani nikikitaja nitaonekana dhaifu. Kumbe anayesahihisha anakijua tayari, anasubiri aone kama na wewe unakijua. Kwenye swali letu mpinzani mkubwa ni ubwiri unga, na ana ushahidi mzuri: baada ya wakulima kuanza kupuliza salfa, dawa ya huo ugonjwa, mavuno yalipanda tena. Hilo ni kweli na liseme hivyo hivyo kwa nguvu yake yote, usimpunguzie. Alafu jibu. Salfa inaonyesha ugonjwa ulizuia mashamba yasirudi, ndio, lakini haionyeshi kwanini mavuno yalishaanza kushuka kabla ugonjwa haujatajwa. Na mkulima kununua salfa na kubeba mashine ya kupuliza kulihitaji kwanza bei inayolipa na shamba linalofikika. Umeona, jibu halijamfukuza mpinzani, limempa nafasi yake kwenye fungu la "kilichorefusha", na dai limetoka hapo likiwa gumu zaidi.

Ukikuta huwezi kumjibu, badili dai. Hilo halina aibu, nimewahi kubadili siku tatu kabla ya dedilaini na kazi ikatoka bora.

Utangulizi andika mwisho

Wengi wanakwama kwenye utangulizi siku nzima kwasababu wanajaribu kutambulisha mgeni ambaye bado hajafika. Andika katikati kwanza. Kwa kazi ya kurasa sita hadi nane, utangulizi unatosha aya moja au mbili: tatizo (zile tani 145,000 na 16,500 zinafanya kazi hiyo vizuri tu), watu wamelielezaje, dai lako, na utakwendaje. Usianze na maana ya neno kutoka kamusi, na usianze na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akilima". Anza Mtwara.

Hitimisho lisiwe utangulizi uliogeuzwa wakati uliopita. Sema dai limetoka vipi baada ya kupimwa, na kama kuna kitu linachotufanya tukiangalie tofauti, sentensi tatu nne, umemaliza. Usilete ushahidi mpya hapo.

Kuhusu kukopi, na akili mnemba

Kubadilisha maneno matatu kwenye sentensi ya mtu sio kuandika kwa maneno yako. Njia ninayoiamini ni kufunga kitabu, kuzunguka chumba, kumweleza mtu alafu ndio uandike, kisha ufungue uhakikishe hujapotosha. Mtindo wa referensi fuata ule idara yako inaoutaka, wengi ni APA, na ufanane mwanzo mpaka mwisho.

Hizi programu za akili mnemba kama ChatGPT najua mnazitumia, na kila chuo kina msimamo wake, uulize kwanza. Nachoweza kusema ni kwamba zinaweza kukutungia kitabu ambacho hakipo, na jina la mwandishi na mwaka na kila kitu, na mwalimu aliyesoma mambo ya korosho miaka ishirini atalijua hilo kwa sekunde. Alafu dai ikikupa yenyewe hutaweza kulitetea kwenye semina. Iulize ikueleze ulichoshindwa kuelewa, sawa. Kuwaza ufanye mwenyewe, hicho ndio umekifuata chuo na ndio mzazi wako ameuzia ng'ombe.

Kurekebisha

Drafti ya kwanza ikiisha iache angalau usiku mmoja. Ndio maana mi nagawa muda kuanzia nyuma: kama ni wiki mbili, nataka drafti nzima iwe imekamilika siku ya tisa hata kama ni mbaya. Ukiacha mpaka ile siku bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, linaingia na kila mtu yuko nje, hutaandika, tunajuana.

Siku inayofuata chukua karatasi tupu, nakili sentensi ya kwanza ya kila aya, hizo tu, zifuatane. Zisome. Kama zinasimulia hoja yako kuanzia mwanzo mpaka mwisho, umepangika. Kama kuna mahali zinaruka, hapo ndipo aya inakosekana au imekaa sipo. Kama mbili zinasema kitu kimoja, ziunganishe. Hili zoezi linachukua robo saa na limenisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa, natamani mtu angenifundisha siku ile ya 9 kati ya 20.

Alafu msomee mtu kwa sauti. Rumeti, mdogo wako kwa simu, yeyote, hata asiyesoma kozi yako, na hasa huyo. Ulimi ukikwama, sentensi ni ndefu mno. Akikuuliza "kwahiyo?", hiyo aya haijarudi kwenye dai. Tahajia na nukta ziache ziwe za mwisho kabisa, maana hakuna faida ya kusafisha sentensi ambayo kesho utaifuta.

Faili lihifadhi sehemu mbili, simu na flashi, au litume kwenye imeili yako mwenyewe. Kabla ya kwenda steshenari ligeuze PDF, maana Word ya kule inaweza kukupangulia kila kitu, jedwali la korosho likakatika kurasa mbili na namba za kurasa zikapotea, na hapo kuna foleni ya watu thelathini nyuma yako wote wana dedilaini ya saa kumi. Nenda asubuhi. Angalia kila ukurasa umetoka, angalia jina na namba ya usajili, bana, peleka idarani, usaini kwenye karatasi ya kupokelea, na hiyo saini yako ipige picha.